Nani yuko kwenye dramu?

Rafiki yangu aliponipigia simu kuniambia wanaunda bendi mpya ya roki nzito, sikuuliza nani anaimba. Wala sikuuliza nani anapiga gitaa la solo, kwa sababu aliyekuwa akizungumza ndiye mpiga solo mwenyewe, na wapiga solo hawaanzishi bendi ili wakapige kinanda. Niliuliza swali moja tu: nani yuko kwenye dramu? Alipomtaja nikasema sawa, nitakuja, lakini sitoi ahadi.

Mimi ni mpiga besi. Nilianza nikiwa msichana, kwa gitaa la kuazima lenye nyuzi zilizoshika kutu, na tangu hapo nimepita kwenye bendi zilizojulikana kiasi na nyingine ambazo hata sisi tuliokuwemo hatukumbuki nyimbo zake. Wenzangu wanne nao si wageni wa jukwaa. Mwimbaji ana albamu kadhaa nyuma yake. Mpiga rithim amezunguka miaka mingi na bendi za watu, mtu wa kuitwa dakika ya mwisho akafika ukumbini tayari anazijua nyimbo zote. Mpiga solo alishafukuzwa kwenye bendi aliyoianzisha yeye mwenyewe, jambo ambalo hulisimulia kwa fahari nisiyoielewa. Na mpiga dramu anaongea kidogo, anawahi kufika, na akikasirika utajua kwa kuyasikiliza matoazi.

Mtu wa nje akisikia hivyo husema hapo hakuna kazi, nyote mmeiva, ingieni studio. Anayesema hivyo hajawahi kufungiwa chumba kimoja na watu watano wanaojiamini. Kwenye bendi ya vijana kila mmoja anapiga kwa nguvu kwa kuwa hana hakika kama anaweza. Kwenye bendi ya wakongwe kila mmoja anapiga kwa nguvu kwa kuwa ana hakika kwamba anaweza. Masikioni mambo ni yale yale.

Nina imani yangu, na wapiga solo wanisamehe: bendi ya namna hii inadumu au inavunjika kutegemea kama ndani yake yumo mtu aliyekubali kukaa chini. Sisemi chini kwa cheo. Nasema chini ya wimbo, pale ambapo ukifanya kazi yako sawasawa hakuna anayekutaja, na ukikosea kila mtu anageuka.

Chukua bendi ya Cream. Mwaka 1966 Eric Clapton, Jack Bruce na Ginger Baker walikuwa tayari majina makubwa miongoni mwa wanamuziki wa Uingereza. Baker na Bruce walishapiga pamoja kwenye bendi ya Graham Bond, wakagombana huko mpaka Bruce akaondolewa. Baker alipomfuata Clapton waanzishe kitu kipya, Clapton ndiye aliyetaka Bruce awemo. Kwa hiyo ugomvi wa zamani uliingia kwenye bendi mpya kabla hata bendi haijapiga wimbo. Bruce namheshimu sana. Mistari yake ya besi imeninyima usingizi nikijaribu kuifuata. Lakini hakuwa mtu wa kukaa chini. Besi yake ilikuwa gitaa la pili la solo, Clapton alikuwa na la kwanza, na nyuma yao Baker anapiga kana kwamba solo yake imecheleweshwa. Clapton alikuja kusimulia kwamba siku moja jukwaani aliacha kupiga katikati ya wimbo, na wenzake wawili wakaendelea bila kugundua. Novemba 1968 wakaaga kwenye ukumbi wa Royal Albert Hall jijini London. Hawakutimiza hata miaka mitatu.

Muziki wao ulikuwa mzuri, na bado naupenda. Ila ni muziki wa watu wanaosukumana mlangoni, na milango ya namna hiyo hung'oka.

Hizi kelele zina hesabu zake, na nimegundua wapiga gitaa wengi wa umri wangu hawajawahi kuzipiga. Amplifaya za Marshall za wati 100 zilizaliwa katikati ya miaka ya 1960 kwa sababu bendi ya The Who walitaka nguvu zaidi ya wati 50 walizokuwa nazo. (Ndiyo, mpiga besi wao John Entwistle alikuwemo kwenye dhambi hiyo. Simtetei.) Sasa, kutoka wati 50 kwenda 100 ni ongezeko la desibeli 3 tu, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji takriban mara kumi ya nguvu uliyonayo. Mpiga gitaa anayezungusha kitufe mpaka mwisho ili asikike hapati nafasi anayoidhania. Anawafunika wenzake, nao wanazungusha vyao, na baada ya nusu saa mwimbaji anapiga kelele badala ya kuimba.

Kisha kuna suala la nani anakaa wapi. Uzi mnene wa gitaa, E ya chini, hutikisika takriban mara 82 kwa sekunde. Wangu hutikisika mara 41. Tunatengana oktava nzima. Tungeweza kuishi bila kugusana. Balaa ni kwamba mpiga gitaa akiwa peke yake nyumbani hupandisha kitufe cha besi kwenye amplifaya yake ili gitaa lijaze chumba, na kweli linapendeza. Akija na mpangilio huo huo kwenye bendi, ananikalia mimi na kuimeza dramu ya mguu. Unasikia ngurumo moja isiyo na umbo, halafu mtu anauliza kwa nini wimbo hauchezeki.

Mazoezi yetu ya kwanza yalianza hivyo hivyo. Tulipomaliza wimbo wa pili niliweka besi chini, nikaenda kwenye amplifaya ya mpiga solo na kukishusha kile kitufe mbele ya macho yake.

"Dada, hiyo ndiyo sauti yangu," akasema.

"Ilikuwa sauti yako ulipokuwa peke yako. Sasa tuko watano."

Akanuna. Tukapiga tena. Mpiga dramu, ambaye tangu afike alikuwa hajasema neno, akainua kijiti na kunionyesha nacho, ishara ambayo kwa wapiga dramu ni hotuba nzima.

Siku ile tukawekeana sharti moja, nami ndiye niliyeling'ang'ania: wimbo mpya unaanza kupigwa kimyakimya. Magitaa makavu bila umeme, besi kwenye spika ndogo, mpiga dramu anagonga mapaja yake au kiti. Wimbo usioweza kusimama hapo hauendi kwenye amplifaya. Vijana hawawezi kuvumilia sharti kama hili, na ningekuwa na miaka ishirini ningetoka mlangoni. Lakini sauti kubwa huficha mengi, na sisi tumeshajua namna ya kuficha. Mkongwe anaweza kuupiga wimbo mbovu ukapendeza, kwa uzoefu tu, na hiyo ndiyo hatari yake.

Kuna wimbo mmoja uliotusumbua kuliko yote. Mpiga solo alikuja na rifu, kile kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia, nzuri ajabu, nzito, yenye mwendo wa kuburuza, lakini ilijaza kila pembe ya mapigo manne. Mwimbaji alikuwa anasubiri pa kuingilia, hapaoni. Alijaribu kuimba juu yake, ikawa vurugu. Alijaribu kuimba polepole, ikawa kama anasoma tangazo. Mpiga rithim naye alikuwa akiipiga rifu ile ile pamoja na mpiga solo, na mimi kwa mazoea ya roki nzito nikawa nimeishika vilevile, noti kwa noti. Watu watatu wanasema sentensi moja kwa wakati mmoja.

Kimyakimya ndipo tulipoona. Mpiga rithim ndiye aliyesema, na yeye husema kwa kuuliza: "Hizi noti mbili za mwisho zina kazi gani?" Hazikuwa na kazi. Tukazitoa. Pakabaki shimo mwishoni mwa kila mzunguko, na mwimbaji akaingia humo kwa maneno manne tu, ubeti ukasimama. Mpiga rithim akaacha kupiga kabisa ubeti wa kwanza, akawa anaingia ubeti wa pili, na alipoingia wimbo ukaongezeka unene bila mtu yeyote kugusa kitufe. Mimi nikaiacha rifu. Nikakaa kwenye E moja, nikifuata mguu wa mpiga dramu, yeye akigonga nami nagonga, akinyamaza nanyamaza, huku gitaa likizunguka juu yetu. Ni kazi ya kuchosha kwa namna ya ajabu. Vidole havichoki. Kinachochoka ni majivuno, kwa sababu mkono unajua mambo mengi na unaambiwa ufanye moja.

Mpiga besi ninayemkumbuka ninapofanya kazi hiyo ni Boz Burrell. Alikuwa mwimbaji. Aliingia King Crimson mwaka 1971 kuimba, bendi haikuwa na mpiga besi, na mpiga gitaa wao, Robert Fripp, akamfundisha besi pale pale. Miaka miwili baadaye yumo Bad Company, pamoja na Paul Rodgers na Simon Kirke waliotoka Free na Mick Ralphs aliyetoka Mott the Hoople. Watu watatu wenye jina na mmoja aliyejifunza chombo chake juzi. Albamu yao ya kwanza ilitoka 1974 na kufika namba moja Marekani. Isikilize ukiwa na spika nzuri usikie nafasi iliyomo. Kirke anapiga dramu kama mtu anayelipa kwa kila pigo, gitaa linasema jambo lake na kunyamaza, na Burrell yuko huko chini, hana haraka, hana deni la kumwonyesha mtu kwamba anaweza. Nadhani hapo ndipo bahati yao ilipokuwa: mmoja wao hakuja na heshima ya kuilinda kwenye chombo alichoshika.

Ralphs naye anavutia kwa sababu nyingine. Aliondoka Mott the Hoople akiwa na nyimbo ambazo hazikukaa vizuri kwenye koo la mwimbaji wao, Ian Hunter. Rodgers akazipa koo. Wimbo mmoja, "Ready for Love", ulisharekodiwa na Mott the Hoople mwaka 1972, na Bad Company wakaurekodi upya miaka miwili baadaye. Hili la kuja na mali yako ya zamani kwenye bendi mpya limetugombanisha sisi zaidi ya jambo jingine lolote.

Mwimbaji wetu ana nyimbo mbili ambazo watu wanazifahamu. Si nyimbo za kuujaza uwanja, lakini ukizianzisha ukumbini kuna watakaoinua mikono. Anataka tuzipige. Hoja yake si ya kipuuzi: watu watakuja kwa sababu ya jina lake, wamelipa kiingilio, kwa nini tuwanyime? Mpiga solo yuko upande wake, hasa kwa kuwa mmoja kati ya nyimbo hizo una solo ndefu.

Mimi naangalia waliotutangulia. Blind Faith, bendi ambayo Clapton na Baker waliunda mwaka 1969 na Steve Winwood na Ric Grech, walikwenda ziara Marekani wakiwa na albamu moja tu mkononi. Watu walitaka nyimbo za Cream na za Traffic, bendi ya zamani ya Winwood, na bendi ikazipiga. Ziara ilipokwisha, na bendi ikaisha. Audioslave walifanya kinyume. Chris Cornell ametoka Soundgarden, wenzake watatu wametoka Rage Against the Machine, na bado miaka ya mwanzo jukwaani walishika nyimbo zao mpya. Za zamani walianza kuzirudisha mwaka 2005, wakati tayari wana albamu ya pili na watu wanajua Audioslave ni nani. Them Crooked Vultures ndio walionifurahisha zaidi. Dave Grohl, Josh Homme na John Paul Jones, watu ambao kati yao wangeweza kupiga saa tatu za nyimbo zinazojulikana dunia nzima. Agosti 2009 walipanda jukwaa la Metro, Chicago, saa sita usiku, kwa mara ya kwanza, kabla hawajatoa hata wimbo mmoja. Kila kilichopigwa usiku ule hadhira ilikuwa haijawahi kukisikia. Jones alikuwa na miaka 63 na bendi yake ya zamani, Led Zeppelin, nzima mgongoni, na hakuifungua hata kidogo.

Najua, sisi si wao. Watu hawatapanga foleni usiku kusikia tusichokijua hata sisi. Lakini ukishapiga wimbo wa zamani na ukumbi ukaamka, zile mpya zote zinageuka kuwa muda wa kusubiri. Hilo nimeliona kwa macho yangu kwenye bendi mbili, na hakuna mazoezi yanayolitibu.

Pesa tulizizungumza mapema, na namshukuru mpiga rithim kwa kulilazimisha suala hilo tungali tunachekeana. Mirabaha ya utunzi humfuata aliyeandikwa kuwa mtunzi. Aliyepiga anaweza kuwa ndiye aliyeuokoa wimbo, karatasi haimjui. Deep Purple, kile kikosi cha Blackmore, Gillan, Glover, Lord na Paice, waliandika majina yote matano kwenye nyimbo zao bila kujali rifu imeletwa na nani. Nasi tumekubaliana hivyo: watano, sawa kwa sawa. Mpiga solo aligugumia kwamba rifu ni zake. Nikamkumbusha zile noti mbili zilizotolewa. Akasema basi, sawa, andikeni, lakini kwa sauti ya mtu anayekabidhi simu kwa mwizi.

Njia nyingine ipo, na siidharau: bendi yenye mwenyewe. Ritchie Blackmore alipokuwa akiondoka Deep Purple mwaka 1975 aliwachukua wanamuziki wa bendi ya Elf, wakarekodi albamu ya kwanza ya Rainbow, kisha akawaondoa wote isipokuwa mwimbaji, Ronnie James Dio. Ukatili, ndiyo, lakini albamu iliyofuata, ya 1976, ni miongoni mwa kazi nzito ninazozipenda sana. Kama kuna mwenye bendi, asemwe tangu mwanzo. Kinachoua ni bendi inayosema sisi ni ndugu huku mmoja anashika ufunguo wa gari.

Mwili nao una kauli yake. Tumeshusha nyuzi nusu toni, kutoka E kwenda E-flati, na hakuna aliyetoa maelezo marefu. Mwimbaji aliomba mara moja, tukashusha. Noti ya juu kabisa ya kiitikio aliyokuwa akiifikia akicheka sasa anaifikia kwa mipango. Kwa besi nusu toni inafanya nyuzi zilegee kidogo, nikabadilisha nikaweka nene zaidi, na sasa nazipenda kuliko zile za awali. Masikio tumeyawekea sheria. Taasisi ya afya kazini ya Marekani inashauri usikae kwenye desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo unakatika nusu. Piga hesabu mpaka 100: dakika 15. Chumba cha mazoezi cha bendi kama yetu kinafika 100 bila mtu kukusudia. Brian Johnson, mwimbaji wa AC/DC, aliachishwa ziara mwaka 2016 na madaktari waliomwambia anaweza kupoteza usikivu wote. Kwa hiyo vizibo vya masikio ni lazima, vile vizuri vinavyopunguza sauti bila kuifanya itoke kama chini ya blanketi, na mpiga solo anayesema vinamharibia hisia anaruhusiwa kwenda kupata hisia nje.

Jina hatuna. Kila tunalolipenda tayari linatumiwa na watu fulani mahali fulani, na hata wakubwa hawakuponea hapo: Audioslave walikuta kuna bendi ndogo Uingereza yenye jina hilo hilo, ikabidi wapatane nayo kwa malipo. Mwimbaji anapendekeza majina yenye moto, mpiga solo yenye chuma. Mpiga dramu alipendekeza moja tu, zuri kweli, kisha akakataa kulirudia.

Onyesho la kwanza limeshapangwa, nyimbo saba, zote mpya, kama kura itasimama ilivyo. Mwimbaji bado anaomba ule wake mmoja uwekwe mwishoni, watu wakishapiga makofi ya kutaka turudi. Yeye na mpiga solo wako upande mmoja, mimi na mpiga dramu upande wa pili, na mpiga rithim anasema atapiga chochote atakachopewa, ndivyo alivyoishi na bendi zote hizo bila kugombana na mtu. Kesho nitawahi kabla wengine hawajafika nimvute pembeni, maana najua na mwimbaji naye amepanga kuwahi.